Barua ya wazi kwa wanaotufundisha kubana umeme

Nyumba ya vyumba sita,
Manzese,
Dar es Salaam.

Kwa: Wakuu wa kampeni ya matumizi bora ya nishati majumbani (jina la ofisi nimeliacha makusudi, mnajijua).

YAH: KUBANA UMEME KATIKA NYUMBA ZA KUPANGA ZENYE MITA MOJA

Waheshimiwa,

Shikamooni, na kwa walio wadogo zangu, hamjambo. Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mpangaji wa chumba cha tatu na katibu wa daftari la umeme la nyumba yetu. Hii ni barua yangu ya nne kwenu. Ya kwanza niliileta kwa mkono, ikagongwa muhuri wa "Imepokelewa". Ya pili nilimkabidhi mwezeshaji wenu siku ya semina, akaikunja na kuitia kwenye mfuko wa shati. Ya tatu ilipitia kwa mjumbe wa shina na serikali ya mtaa, kama nilivyoelekezwa mapokezi. Jibu nililopata ni boksi la vipeperushi vyenye picha ya mama anayezima taa huku anacheka. Sitaki kuwadanganya: vingi vimefungiwa vitumbua. Nimebisha hodi kwa adabu mara tatu, sasa naomba nisemee uwanjani.

Nianze kwa kusema kwamba sipingi kampeni yenu. Tabia hubadilika na umeme hupungua. Nimeona kwa macho yangu na daftari ninalo. Ninachokataa ni kufundishwa kana kwamba umeme unapotea kwa sababu sisi wa vyumba vya kupanga hatujui kubana. Mtu anayenunua umeme wa elfu mbili anajua kubana. Anajua rimoti ya LUKU (kile kidude cha kusomea mita ya lipa kwanza) ikianza kupiga kelele zimebaki siku ngapi, anajua mtoto gani husahau feni, na pasi ya jirani ya alfajiri anaihesabu akiwa bado kitandani. Mliyotufundisha tulikuwa tunayajua kabla hamjaja. Yanayotushinda hamkuyagusa.

Nayataja moja baada ya jingine.

1. Mita moja, milango sita

Nyumba yetu ina vyumba sita na mita moja. Rimoti iko ndani kwa baba mwenye nyumba, juu ya kabati la vyombo. Kila tarehe tano kila chumba hutoa mchango wa umeme, na ukiisha kabla ya mwezi tunachanga tena. Nyumba za namna hii zimejaa Manzese, Tandale, Buguruni, Mbagala. Hamna haja ya kufanya utafiti. Ingieni uchochoro wowote mhesabu milango, kisha mhesabu mita.

Sasa tupige hesabu. Kwa bei zilizoanza Aprili 2016, mteja mdogo wa nyumbani, wa kundi la D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, na kila uniti inayozidi hapo ni shilingi 350. Mteja wa kawaida, wa kundi la T1, hulipa shilingi 292 kuanzia uniti ya kwanza. Juu yake kuna VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA, wakala wa nishati vijijini, na asilimia 1 ya EWURA, mamlaka inayopanga bei. Ukijumlisha, uniti ya D1 inamfikia mtu kwa shilingi 122 na ya T1 kwa shilingi 356. Ndiyo maana shilingi elfu moja humpa mmoja uniti 8.2 na mwenzake uniti 2.8. Watu wakionyeshana meseji za tokeni, mmoja huwa na hakika kaibiwa.

Nafuu hiyo ya D1 iliwekwa kwa ajili ya mtu mwenye matumizi madogo. Ni mimi huyo. Chumba changu hutumia uniti 30 hivi kwa mwezi: taa mbili, feni, televisheni na king'amuzi chake, chaja za simu, na pasi ya sare za shule. Ningekuwa na mita yangu, ikawekwa D1, ningelipa shilingi 3,660. Lakini mita haioni chumba, inaona nyumba. Vyumba sita vya uniti 30 ni uniti 180, bado friji ambalo nitalifikia, na mteja wa uniti 180 ni wa T1. Kwa hiyo uniti zangu zilezile 30 nazilipia karibu shilingi 10,690. Tofauti ni elfu saba kwa mwezi. Kwa mwaka ni elfu themanini na nne.

Kijana anayeishi peke yake kwenye apatimenti yenye mita yake, anayeshinda kazini kwenye kiyoyozi cha mwajiri na kurudi usiku kulala, anaweza kukaa ndani ya uniti 75 bila hata kujitahidi. Kwa hesabu ya mita, huyo ndiye mteja mdogo. Sisi tuliobanana humu, na watoto wetu, na bibi mmoja, ndio mteja mkubwa.

Tuje kwenye tabia sasa. Tuchukulie nimetii kipeperushi chenu mstari kwa mstari, nikapunguza uniti sita kati ya thelathini. Ni moja ya tano hiyo, si mchezo. Nimeokoa shilingi 2,137. Mwezi mzima wa kugombeza watoto na kukaa gizani barazani umenipa elfu mbili na mia. Mita ya peke yangu ingenipa elfu saba nikiwa nimekaa mkekani nachambua mchele.

(Na kwa kuwa tuko hapohapo kwenye mita: kila mwezi, tokeni ya kwanza hukatwa kodi ya jengo, shilingi 1,500. Jengo si letu. Lakini anayenunua umeme ni sisi, na kumdai baba mwenye nyumba shilingi mia mbili na hamsini kwa kila chumba ni aibu ambayo hakuna mpangaji mwenye akili timamu atakayeitaka. Napita.)

2. Akiba ya mmoja inagawanywa kwa sita

Hata hiyo elfu mbili na mia, Waheshimiwa, siipati. Mchango wetu ni sawa kwa sawa. Uniti sita nilizobana zinabaki kwenye mita ya wote. Fungu langu ni uniti moja. Na kijana wa chumba cha nne mwenye sabufa, akiamua kuturusha roho tangu asubuhi, umeme wa muziki wake nao unagawanywa kwa sita: anasikiliza uniti sita, analipia moja.

Mtu mzima akishaielewa hesabu hii, kipeperushi hakimsaidii tena. Nilimwambia bibi wa chumba cha mbele azime feni anapotoka kwenda kwenye kikoba. Akaniuliza, "Nizime mimi, afaidi wa sabufa?" Sikuwa na jibu. Nyie mnalo?

Baba mwenye nyumba alijaribu njia yake. Alibandika karatasi mlangoni: pasi mwisho saa mbili usiku, hita ya maji marufuku, jiko la umeme marufuku kabisa, "hapa si hoteli". Yaani pasipo mita, kinachobaki ni amri, na amri huzaa kujificha. Watu walianza kupiga pasi saa nane usiku. Chumba cha pili walikuwa na jagi la umeme, wakalifunika kwa kanga mtu akibisha hodi. Msije mkaandika kwenye ripoti kwamba wapangaji hawa ni wakaidi.

Mita ndogo za ndani, zile za kuhesabia tu ambazo fundi hufunga baada ya LUKU, tunazijua. Nyumba ya pili wanazo. Zimeleta haki ya kugawana, nakiri, ila hazibadilishi kundi la bei: nyumba nzima bado ni T1, na mwenye nyumba hujipangia yeye bei ya kuwauzia wapangaji uniti. Ni dawa ya ugomvi, siyo ya bei.

3. Friji ni mpangaji wa saba

Hili ndilo nililoliandika kwa kirefu kwenye barua ya kwanza, na ndilo linaloniuma zaidi kuona halikujibiwa, kwa kuwa humu ndimo kampeni yenu ingepata ushindi.

Mwaka jana tulianza kuandika. Kila siku saa moja asubuhi na saa moja jioni mtu wa zamu anasoma rimoti na kuandika uniti zilizobaki. Daftari la shule, peni imefungwa kwa uzi. Wiki ya pili tukaona jambo la ajabu: usiku tukiwa tumelala wote, umeme ulikuwa unakwenda tu. Tukashuku waya, tukashuku jirani, mmoja akashuku majini. Mwishowe tukakubaliana usiku mmoja tuzime kila kitu toka saa nne mpaka saa kumi na moja alfajiri, libaki friji la ukumbini peke yake. Kwa saa saba uniti zilishuka 0.8.

Piga hesabu hiyo mpaka mwisho wa mwezi: zaidi ya uniti 80. Ni karibu vyumba vitatu. Friji lile, bila mpangaji hata mmoja ndani ya nyumba, linavuka zile uniti 75 peke yake.

Ni friji la mtumba, kubwa, la mama mwenye nyumba. Anagandisha barafu za ubuyu na maji ya kandoro. Simlaumu, ada za shule zinatoka humo, na watoto wetu ndio wateja wake. Lakini hakuna kipeperushi kilichowahi kumwambia kwamba friji likigandamana na ukuta unaopigwa jua la mchana halipumui. Wala kwamba mpira wa mlango ukichoka, baridi inatoka usiku kucha na mota haipati usingizi. Tulibana noti ya elfu moja mlangoni, tukafunga, noti ikateleza yenyewe mpaka chini. Kwenye friza barafu ya ukutani ilikuwa nene kama kiganja.

Tukaita fundi. Mpira mpya, friji likavutwa kiganja kimoja toka ukutani, likahamishwa upande wa kivuli, likayeyushwa. Tulichanga elfu sita kila chumba. Tuliporudia jaribio letu la usiku, uniti zilishuka 0.5. Kwa mwezi hiyo ni tofauti ya uniti 30, zaidi ya shilingi elfu kumi, na fedha za fundi zilirudi ndani ya miezi minne. Kisha tukakaa kikao kigumu, chai ikanywewa, tukakubaliana friji litoe mchango wake kama chumba. Tangu siku hiyo mama mwenye nyumba mwenyewe ndiye anayewafokea watoto wanaoacha mlango wazi.

Ona basi tabia inavyobadilika. Haikuhitaji bango. Ilihitaji namba iliyoandikwa kwa mkono wa mwenyewe, na gharama kumrudia anayeitumia. Niliwaandikia nikaomba mje mlione daftari, mlitoe nakala, mlipeleke nyumba nyingine. Mkaniletea mama anayezima taa.

4. Semina ilihusu taa

Ilifanyika Jumanne saa nne asubuhi. Saa nne asubuhi mama lishe yuko jikoni, mbeba mizigo yuko sokoni, kondakta yuko Kimara. Waliohudhuria ni wale wasionunua umeme. Tulipewa soda na mada ya balbu.

Balbu za wati 60 ni kweli zinakula: saa tano kila usiku, uniti tisa kwa mwezi, wakati ya LED ya wati 9 haifikishi uniti moja na nusu. Ila sisi tulishazihama zamani. Tatizo letu ni LED za bei rahisi zinazokufa kabla ya mfungo haujaisha, na juu ya hilo mwezeshaji hakuwa na neno.

Kuna hesabu moja ambayo angetupa tungeondoka tunaijadili mpaka leo. Kupasha ndoo ya lita 20 iwe vuguvugu ya kuogea ni karibu nusu uniti. Taa ya LED ya wati 9 ukiiwasha saa tano kila usiku, inahitaji siku kumi na moja kufikisha nusu uniti hiyo. Mnatukimbiza nyuma ya taa huku ndoo inapita mlangoni! Tangu tulipoijua, ndoo za watoto tunaziweka uani juani toka saa sita, zimefunikwa sinia jeusi. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ikiingia, kidogo inashindikana. Miezi mingine yote inatosha.

Na feni muiache. Januari, chini ya bati, chumba kina mtoto mchanga, feni ya wati 50 usiku wa saa nane ni uniti 0.4. Hiyo ni afya. Aliyeandika "zima feni unapolala" aje alale.

5. Jiko halimo kabisa

Fungu kubwa la nishati yetu halipiti kwenye mita. Linakuja kichwani, ndani ya ndoo, na linauzwa kwa kopo. Kipeperushi chenu chenye kurasa nne hakina neno "mkaa". Kwa nini? Kwa sababu mkaa ni wa idara nyingine?

Serikali ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, na lengo lake ni asilimia 80 ya Watanzania kupikia nishati safi ifikapo 2034. Taasisi zinazolisha watu wengi zimeshapewa tarehe za kuachana na kuni na mkaa. Vizuri. Na mtungi mdogo wa gesi wa kilo sita umeingia kwenye vyumba vyetu vingi, Mungu awape heri waliopunguza bei yake. Ila gesi ikiisha tarehe ishirini, mkaa wa kopo unarudi mlangoni, kwa maana kopo moja linanunulika na mtungi haununuliki nusu.

Maharage ndiyo mtihani. Nusu kilo ya maharage kwenye jiko la umeme la presha haimalizi uniti moja. Kwa bei ya D1 ni chini ya shilingi 122. Kwa bei ya T1 ni chini ya shilingi 356, bado inashindana vizuri na mkaa. Mwalimu wa chumba cha tano alilinunua jiko hilo kwa mkopo wa kikoba. Liko juu ya kabati, ndani ya boksi lake, kwa sababu karatasi ya mlangoni inasema marufuku. Baba mwenye nyumba naye hana roho mbaya: anaogopa mchango hautatosha, na anaogopa waya. Nyumba ilivutwa umeme zamani, waya mwembamba, vyumba vinne vinaning'inia kwenye soketi moja kwa ekstensheni juu ya ekstensheni. Majiko sita ya wati elfu yakiwashwa jioni moja, tutawahitaji zimamoto kabla ya wali kuiva.

Hapo ndipo mita moja inapogeuka ukuta mbele ya mkakati wa taifa zima. Sijui kama kuna mtu ofisini kwenu amewahi kuziweka karatasi hizi mbili kwenye meza moja.

Wakati tunasubiri, kuna tabia za jiko ambazo zingestahili kurasa zenu nne. Kuloweka maharage toka usiku. Kufunika sufuria, na yakishachemka kupunguza moto badala ya kuuacha uungurume. Kuutoa mkaa uliobaki na kuuzima kwa kuufunika kwenye debe, usimwagiwe maji, uwake tena kesho. Sufuria ikitoka motoni inachemka, kuitia kwenye kapu lililojazwa vitambaa na kuifunga gubigubi, iendelee kuiva yenyewe. Bibi wa chumba cha mbele hayo anayafanya tangu ujana wake, na hakualikwa semina.

Majibu ninayoyajua kabla hamjayatoa

"Bei hupangwa na EWURA, siyo sisi." Najua. Siwaombi mpange bei. EWURA hukusanya maoni ya wadau, na mdau ambaye kazi yake ni matumizi ya majumbani ni nyie. Mkienda huko mseme nini kinazuia watu kubana, itakuwa mmetimiza kazi yenu.

"Mita ya pili ni jukumu la mwenye nyumba." Kwa sheria, sawa. Lakini bei ya kuunganishwa mjini iliyotangazwa mwanzoni mwa 2022, kwa aliye ndani ya mita 30 toka kwenye nguzo, ni shilingi 320,960. Zidisha kwa vyumba sita uone kama mzee wa Manzese anayeishi kwa kodi za vyumba vyenyewe atafungua pochi. Kijijini mtu huunganishwa kwa 27,000. Umaskini wa mjini nao ni umaskini, hata kama uko jirani na ghorofa.

"Wapangaji huhamahama." Tunahama, ndiyo. Mita haihami. Anayeingia baada yangu ataikuta.

"Umeme sasa upo wa kutosha." Nimesikia, na nimefurahi, mgawo wa 2023 hatujausahau, nyama zilituozea. Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji ni megawati 2,115, mitambo tisa. Hata hivyo wingi wa umeme bwawani haujapunguza mchango wangu wa tarehe tano. Kama umeme ni mwingi, basi kuna sababu moja zaidi ya kutuacha tupikie.

"Fuateni utaratibu." Rejea muhuri wa barua ya kwanza.

Tunachoomba

Kwanza, mje. Watu wawili tu, jioni, mkae na daftari letu saa moja. Pili, mpeleke kwa wanaopanga bei pendekezo la kuzitambua nyumba za vyumba vya kupanga: ama kila chumba kipate mita yake kwa bei inayolipika kidogokidogo, ikikatwa kwenye tokeni za kila mwezi, ama nyumba yenye mita moja ihesabiwe uniti 75 kwa kila chumba kinachokaliwa, kwa uthibitisho wa serikali ya mtaa. Serikali ya mtaa inatujua. Kila uchaguzi inatuhesabu vizuri tu.

Tatu, fedha za vipeperushi vijavyo muwape mafundi. Fundi mmoja wa friji na mmoja wa umeme, mtaa kwa mtaa, wiki mbili mbili: mipira ya milango, nyaya zilizochoka, soketi zilizoungua. Nne, semina zihamie jioni au Jumapili baada ya ibada, na mada ya kwanza iwe jinsi ya kusoma rimoti na kuandika. Tano, jiko liingizwe kwenye kampeni, mkaa ukiwemo, na wenye nyumba waitwe pamoja na wapangaji, maana karatasi ya mlangoni hawezi kuibandua mpangaji.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30. Nikipata "hapana" yenye sababu nitaipokea na nitaisoma kwa sauti kikaoni. Nisichotaka ni boksi.

Mkija, msije Jumamosi mchana. Ni zamu ya pasi na hatutasikilizana. Njooni Alhamisi baada ya magharibi. Mita iko barazani mkono wa kushoto, daftari linaning'inia chini yake, na mama mwenye nyumba kaahidi barafu za ubuyu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Katibu wa daftari la umeme,
Chumba cha tatu.

Nakala:
Mjumbe wa shina;
Ofisi ya serikali ya mtaa;
Baba mwenye nyumba (kwa heshima, na ombi la kuiangalia upya ile karatasi);
Chumba cha nne.